Sketi ya Upande wa Pili

Mimi, fundi wa cherehani mwenye diploma ya sekondari, niliwahi kukata mche wa sabuni katikati kwa uzi, nikamtumia mama wa binti yangu nusu. Tena nilijipongeza kwamba nimepiga hesabu vizuri.

Tulipoachana, mtoto alibaki kwa mama yake, kule chini Bweremana, karibu na ziwa, anakouza sambaza, wale dagaa wa ziwani. Kila mwezi nilituma beseni la maharagwe, mche mzima wa sabuni, na nguo za shule nilizozishona mwenyewe. Kisha familia zetu zikakaa, tukakubaliana mtoto alale wiki moja kwake, wiki moja kwangu huku juu. Nilifurahi kupita kiasi. Mimi ni mtu wa nyumbani, hata sokoni nashuka kwa kusukumwa, na nyumba bila yule mtoto ilikuwa kama inanisusia. Lakini nikashika kalamu: ikiwa nusu ya mwezi anakula kwangu, basi kila kitu nusu. Maharagwe nusu, sabuni nusu. Mwaka wa shule ulipoanza, badala ya sketi mbili nikashona moja. Ya pili, nikasema, ni ya upande wa pili. Kana kwamba upande wa pili nao una cherehani!

Jumatatu moja, wiki ya mama yake, binti akasimama mlangoni pangu amefunga kitenge, daftari ziko kwenye mfuko wa plastiki. Directeur wa shule alikuwa amemrudisha. Sketi ilibaki kwangu, imeanikwa kambani.

"Papa, wiki ya mama nivaake nini?"

Nikamshushia ile ya kambani, akavaa, akarudi shuleni. Nilikuwa na kitambaa, basi nikakaa kwenye mashine na kukanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa. Sijafika kwenye pindo, simu ikalia.

"Papa ya mutoto," mama yake alisema, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliniogopesha. "Kwangu sahani zimepunguka, sikatae. Lakini mutoto iko na mwili mbili? Kama hizi wiki ni za kukatia sabuni, abaki kwangu siku zote."

Nilitazama kitanda kidogo nilichomnunulia, pale pembeni ya mashine. Nilikuwa nimehesabu siku za kulala, nikasahau anayelala.

Kufika saa sita sketi ilikuwa tayari. Nikaiweka kwenye kikapu pamoja na maharagwe niliyoyapunguza, nikamwita jirani yangu, mama wa duka aliyetoka Butembo, ambaye hushuka sokoni kila siku.

"Dada, unipelekee hii kwa mama ya mutoto. Umuambie nimekosa, asininyime wiki zangu."

Akafunua kikapu, akapapasa sketi, akanirudishia vyote mikononi.

"Mie sipeleke, Papa. Kosa iko yako, na miguu iko yako."