Pikipiki ya Mbio na Mzee wa Posa

Walisema sitarudi na kitu. Mmoja aliniambia mbele ya watu sokoni Garissa kwamba nikienda Doha nitaishia kuosha magari ya matajiri. Nimerudi na diploma yangu ya umakanika, nimefungua gereji yangu hapa mtaani Iftin, na hao hao wananiletea magari yao. Hayo nayasimulia kwa raha. Hili jingine linanitia aibu hadi leo, lakini mtalisikia kwa wengine likiwa limetiwa chumvi, afadhali mlisikie kwangu.

Nilitaka kumwoa Hodan. Kwetu mwenyewe haendi kuposa, huenda wazee, nawe unakaa mbali ukiomba dua. Msemaji wangu alikuwa Adeer Yusuf, ndugu ya marehemu baba, mzee mwembamba mwenye maneno matamu. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha langoni kisha nitoweke, nami nikaona nimfikishe kwa chombo ambacho mtaa mzima utageuka kukitazama (hapo ndipo yote yalipoanza).

Abdi, muuzaji wa pikipiki za mitumba, alikuwa na mbili za magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma. Moja ilikuwa ya safari: kiti kipana chenye egemeo, masanduku ubavuni, kioo cha kukinga upepo. Ya pili ilikuwa ya mbio, nyekundu, imeinama mbele kama beberu anayetaka kupiga pembe, na kiti cha abiria kama nusu mkate.

"Walaal, ndugu yangu, chukua ya safari," Abdi akaniambia. "Mzee atakaa kama yuko kwake."

"Na hii nyekundu?"

"Hiyo si ya mzee, wallahi."

Sasa mimi, mtu akinisisitizia kitu najiuliza yeye anapata nini. Abdi hajaoa. Dada yake haishi kwenda kwao Hodan. Kwa nini anataka nionekane nikienda mwendo wa kobe? Niliikagua ile ya safari nusu saa nzima nikitafuta ubovu, sikuuona, na kutouona ndiko kulikonitia shaka zaidi. Nikachukua ya mbio.

Adeer alipanda na kikoi chake akinung'unika, tukaondoka, mimi helmeti kichwani na nyimbo masikioni. Karibu na kwao Hodan mbuzi walikatiza barabara, nikasimama. Kumbe mzee alishuka kufunga kikoi kilicholegea, akasema, "Ngoja kidogo." Sikusikia. Mbuzi walipokwisha nikatia moto, pikipiki ikaruka kwa wepesi ajabu, nikajisifu kwa kuchagua vizuri.

Wazee wa kwao Hodan walisikia mngurumo wakafungua lango. Nikavua helmeti, nikageuka nimshushe mzee. Kiti kitupu.

"Msemaji wako yuko wapi?" akauliza baba yake Hodan.

Ningesema sijui, yangeishia hapo. Lakini nikasema, kwa sauti, wanawake ndani wakisikia: "Ni Abdi! Amemnunua mzee wangu, anamtaka Hodan yeye!"

Sijafunga mdomo, ile pikipiki ya safari ikaingia polepole, Abdi akiiendesha, Adeer nyuma ameegemea vizuri. Abdi alikuwa amemkuta anatembea juani, akampakia, na Adeer akawaeleza wote jinsi nilivyomwacha kwenye mbuzi.

"Endelea, kijana," mzee mmoja akaniambia. "Ulikuwa unatueleza habari za huyu."

Baba yake Hodan hakucheka. "Mzee wako umemwacha kwa mbuzi. Binti yangu utamwacha wapi?"

Adeer alikataa kuketi, akakataa na chai. Akasema haposi chochote mpaka nimwombe Abdi radhi hapo hapo, mbele ya waliosikia. Mimi, mwenye diploma na gereji! Nilitafuta kicheko usoni mwa Abdi, sikukiona (na hilo nalo nikalishuku kidogo).

"Nisamehe, walaal. Nimekusingizia."

Akanipa mkono. Adeer akaniamuru niende nyumbani kwa miguu, nisije nikamkatiza maneno kwa mngurumo wangu.

Hodan walinipa, alhamdulillahi. Shaka zangu bado ninazo, siwadanganyi, ila nimeapa kwamba hakuna hata moja itakayotoka mdomoni kabla sijageuka kutazama nyuma.