Siku Tuliyomchora Mbweha Aliyeoza

Kila mwezi wa kumi ukiingia, mtaa wangu hapa London huanza kunuka. Wenzangu husema ndio wakati mzuri kuliko wote wa mwaka, wakaenda bustanini kupigana picha na majani mekundu nyuma yao. Mimi siendi. Juzi nilikuwa nazibua mfereji wa mvua mbele ya nyumba, nikatia mkono kwenye majani yaliyorundikana, nikatoa bonge la kitu cheusi, laini kama ugali uliochacha, na ndani yake mna kiumbe kinajinyonganyonga. Nilitapika palepale, mtu mzima mwenye wajukuu, jirani ananitazama dirishani. Nikaingia ndani, nikanawa mara tatu, nikakaa kitako jikoni. Hapo ndipo iliponijia siku ile ya msituni, nzima kama ilivyokuwa. Ngoja nikusimulie, maana sijawahi kumsimulia mtu.

Tulitoka Unguja baada ya Mapinduzi, mimi nikiwa mtoto wa kubebwa, kwa hiyo Unguja yangu ni ya masimulizi tu. Mdogo wangu wa kike alizaliwa hukuhuku. Baba alikuwa akipakua mizigo kwenye maghala ya karibu na uwanja wa ndege, kule Hayes, na tulimwona zaidi akiwa amelala. Mama kule nyumbani alikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana. Hapa vyeti vyake havikumfaa kitu. Alishona zipu za watu.

Siku moja mdogo wangu alirudi skuli na mate yameganda kwenye nywele. Si mate ya mtoto mmoja. Mama alimwosha kwa maji moto. Kesho yake alikwenda kumwona mwalimu wangu, aliyekuwa na zamu ya uwanjani siku ile. Mwalimu akamwambia watoto walikuwa wanacheza. Mama akarudi, akafunga mlango, akasema, "Nimesomesha watoto wa watu miaka saba. Hawa wangu ndio watanishinda?"

Tangu siku hiyo skuli yetu ikawa meza ya jikoni. Asubuhi hesabu, huku maharagwe na chai ya iliki vinachemka. Mchana kusoma kwa sauti, Kiingereza na Kiswahili, huku tunachambua mchele. Mpaka leo nikisikia harufu ya iliki nakumbuka jedwali la kuzidisha kwa saba. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mdogo wangu minane.

Halafu ikaja barua. Mkaguzi kutoka ofisi ya elimu atakuja Alhamisi kutazama kama kweli tunafundishwa, na asiporidhika, turudi skuli. Mama hakulala vizuri wiki ile. Hesabu tulikuwa nazo, kusoma tulikuwa nako, lakini sayansi hatukuwa na hata ukurasa mmoja. Jirani yetu, mama wa Kigujarati aliyehama kutoka Dar na mwenye duka la nafaka Kingsbury, akampa shauri. "Wapeleke msituni, dada. Wazungu wanapenda sana mambo ya majani. Wachore, waandike, basi."

Jumatatu mchana tukapanda basi mpaka kituo cha mwisho. Mama alivaa koti lake la kijivu na mtandio mweupe uliofukizwa udi, na kwenye kikapu mna katlesi, chupa ya chai na madaftari mawili mapya.

Msitu ule ulikuwa unaoza. Sijui niseme vipi tena. Majani chini yalikuwa yameloa hadi yamekuwa uji, kila ukikanyaga yanatoa sauti ya kunyonya. Konokono wasio na nyumba mgongoni, wanene kama vidole gumba, walikuwa wanajikokota kwenye magogo na kuacha ute. Penye bonde kidogo tukakuta uyoga mmoja mrefu, kichwa chake kinachuruzika kitu cha kijani, nzi wamejaa, na harufu yake ni ya panya aliyefia chini ya kabati. Mama alitutaka tukae hapo karibu tule. Niliweka katlesi mdomoni, nikahisi ile harufu imeingia mpaka kwenye kiazi, nikaitema kwenye kiganja.

"Kinyaa hakijaua mtu," mama alisema. "Ujinga umeua wengi. Chora."

Na yeye mwenyewe alikuwa anaona kinyaa, nilimwona. Mwanamke aliyekuwa hawezi kugusa samaki bila ndimu aliokota konokono, akamweka kwenye kiganja, akatuonyesha pembe zake zinavyoingia na kutoka, na midomo yake ilikuwa imekauka.

Mdogo wangu ndiye aliyemwona mbweha. Alikuwa amelala ubavu chini ya mwaloni, manyoya bado mekundu mazuri, lakini tumbo limepasuka na ndani funza wanachemka kama wali. Mimi nilirudi nyuma nikaziba pua. Mama alipiga magoti kwenye tope, akatwaa funza mmoja kwa vidole viwili.

"Tazameni, hana miguu. Wiki ijayo atakuwa na mbawa. Huyu si uchafu, wanangu, huyu ndiye anayesafisha. Asingekuwapo yeye, dunia nzima ingekuwa mzoga."

Mdogo wangu alikuwa ameshakaa kitako anachora, ulimi nje.

Hapo nikasikia sauti za watoto. Wakatokea njiani wawili wawili, wamevaa makoti ya mvua ya manjano, darasa langu la zamani, na mbele yao yuleyule mwalimu aliyesema mate ni mchezo. Akatuona. Akamtazama mama aliyepiga magoti, koti limejaa tope, mkono ndani ya mzoga. Uso wake ulikunjamana, na hakuwa anamtazama mbweha.

"Msisogee," aliwaambia watoto wake kwa Kiingereza. "Msiguse kitu. Hatujui watu hawa wameshika nini."

Watoto wakaziba pua, wengine wakajifanya wanatapika. Mama akainuka. Akatabasamu, tabasamu la mwalimu kwa mwalimu mwenziwe.

"Habari za mchana," alisema kwa Kiingereza chake cha kuchagua maneno. "Na sisi pia tuko darasani."

Akanyoosha mkono anishike bega, anivute karibu. Nikaruka kando. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Usiniguse. Unanuka."

Darasa zima likacheka. Mwalimu akanitazama mimi, akatabasamu, kama mtu anayekusogezea kiti. Na mimi nililipenda tabasamu lile. Hilo, zaidi ya funza, zaidi ya uyoga, ndilo ninaloonea kinyaa mpaka leo.

Mama alishusha mkono. Akachukua majani, akajifuta kidole kimoja kimoja, mpaka wale wakapotea. "Haya," alisema. "Malizieni kuchora." Mimi sikuchora. Kwenye basi alikaa kiti cha mbele, peke yake.

Alhamisi mkaguzi alikuja, mwanamume mpole aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akafungua daftari la mdogo wangu, akafika kwa mbweha, akasogeza kando sahani ya biskuti. Mdogo wangu akamweleza safari ya nzi, kutoka yai mpaka mbawa, bila kukwama. Akasema hajawahi kuona kazi kama ile kwa mtoto wa umri huo. Kisha akafungua daftari langu. Kurasa nyeupe tupu.

"Na wewe?" aliniuliza. "Unapenda kusoma nyumbani?"

Mama alikuwa amesimama kwenye jiko, ametupa mgongo. Ningeweza kusema ndiyo.

"Nataka kurudi skuli," nilisema.

Mama hakugeuka. Aliendelea kukoroga chungu ambacho moto wake alikuwa ameshauzima. Mdogo wangu alibaki naye mezani miaka mingine mitano. Sasa anasomesha biolojia huko Stratford. Mimi nilirudi kwa mwalimu yule, na mwaka mzima niliokaa kwake hakujifunza kulitamka jina langu.

Vingi vimeondoka. Duka la jirani ni kinyozi sasa. Msitu umetiwa njia za kokoto na vibao, na mnyama akifa huondolewa upesi. Wajukuu zangu nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiingereza, na sina uso wa kuwagombeza.

Mwaka wa mwisho wa uhai wa mama, nilikuwa nampozea uji, nikamwambia, "Mama, nisamehe ile siku ya msituni. Nilipokwambia unanuka."

Alimeza kijiko kimoja cha uji.

"Nilikuwa nanuka kweli, mwanangu," alisema. "Ungaliniambia kwa Kiswahili, ningalicheka."