Ukuta wa Bati wa Usa River

Baba yangu alipenda pikipiki kuliko alivyotupenda sisi, na wala hakuwahi kutuficha. Alikuwa bwana mifugo. Miaka yote ya kazi serikali ilimpa pikipiki ya kuzungukia ng'ombe za watu, kuanzia Terrat mpaka huko magharibi ya Meru ambako vumbi linaingia hadi kwenye meno. Alipostaafu, ofisi ikachukua pikipiki yake, ikampa shuka zito na saa ya ukutani. Saa haijatundikwa mpaka leo. Shuka alilipatia kazi upesi, maana alinunua pikipiki yake mwenyewe, nyekundu, kuukuu, akaitoa sailensa kwa mikono yake, na kila alipomaliza kuizungusha mjini aliifunika kwa lile shuka kama mgonjwa. Mtaa mzima wa Daraja Mbili ulijua kwamba mzee amestaafu, kwa sababu hakuna aliyeweza tena kulala asubuhi.

Mama alipofariki tukabaki wawili, mimi na yeye, na ile nyekundu.

Kila Jumapili alikuwa na watu wake. Lilikuwa kundi la wapenda pikipiki, watu wenye nafasi zao: wakili mmoja mwenye pikipiki kubwa iliyonguruma kama inataka ugomvi, singasinga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye duka la dawa, na wengine ambao sikuwahi kujua wanafanya nini zaidi ya kuwa na pikipiki. Wakishatoka makanisani na kila mtu alikosalia, walikutana barabara ya Moshi, wakajipanga, wakaenda Usa River kula mbuzi. Baba ndiye aliyetangulia mbele. Hakuwa na pikipiki kubwa wala pesa kubwa, ila alikuwa ameanzisha kundi, na nafasi ya mbele ilikuwa yake. Alipoinua mkono wa kushoto wote walipunguza mwendo, mawakili kwa wafanyabiashara. Nadhani hakuna kitu kingine duniani kilichompa raha kama kuona kwenye kioo watu wazima wamemtii.

Pale Usa River, nyuma ya banda la kuchomea nyama, kuna ukuta wa bati. Baba ndiye aliyeugeuza kuwa mahakama. Mtu alisimamishwa uso kwenye bati, mgongo kwa wenzake, kisha mmoja akawasha pikipiki yake na kupiga resi. Aliyesimama lazima amtaje mwenye pikipiki kwa mlio tu. Akikosea, anaosha pikipiki zote za siku hiyo, ndoo na sabuni, wenzake wakiwa wanakula. Kila mgeni aliyetaka kujiunga alipita pale, na wenyeji nao walisimamishwa kwa zamu ili wasijisahau. Nimewaona watu wazima wanaondoka Usa River suruali zimelowa mpaka magotini. Baba alicheka kuliko wote. Yeye mwenyewe hakuwahi kuosha, kwa sababu hakuwahi kukosea.

Mimi walinivumilia kwa sababu yake. Nilikuwa msimamizi kwenye shamba la maua huko huko Usa River, na nilipochoka kusukumana stendi nilinunua pikipiki ya umeme. Nilidhani baba atafurahi. Aliizunguka mara moja, akauliza mafuta yanawekwa wapi, kisha akacheka mpaka akakaa chini. Jumapili yake akaipeleka habari kwa wenzake. Wakaiita pasi. Wakaiita feni. Mwenye duka la dawa akaniuliza kama naweza kumchemshia chai nikiwa na nafasi. Ukutani hawakuniita kamwe, maana ya kwangu haikuwa na mlio, na baba akasema mbele yao wote kwamba pikipiki isiyo na sauti ni sawa na maiti aliyevalishwa viatu. Sikulia. Nilimchukia vizuri tu, kwa muda.

Halafu nikagundua kwamba hasikii.

Siku moja nilirudi kutoka kazini nikamkuta sebuleni, redio imefunguliwa mpaka mwisho, haina stesheni, inakoroma tu. Yeye amekaa mbele yake anatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubaliana na taarifa ya habari. Niliita, "Baba." Nikaita tena kwa nguvu. Nikaenda nikaizima ile redio, na yeye akaendelea kutikisa kichwa.

Pikipiki ndizo zilizomla masikio, hasa ile nyekundu aliyoitoa sailensa. Nilipomgusa bega aliruka, akaniangalia, akaangalia redio, akajua nimejua. Akaanza kunifokea kwa sauti kubwa, maana alikuwa haipimi tena.

"Ukiwaambia wale, mimi si baba yako!"

"Baba, unatangulia msafara. Watu wanakupigia honi husikii."

Alikuwa akiniangalia midomo. Sikuwa nimeligundua hilo zamani. Nilidhani uzee umemfanya apende kunitazama.

"Mbele ndipo mahali peke yake nilipobakiwa napo," alisema. "Wakiniondoa pale, nitakuwa mzee wa kukaa na saa ya ukutani."

Nikamuuliza, na ukutani je, anapitaje. Hapo akatabasamu kwa majivuno kama mtoto mwizi. Viganja, alisema. Akisimama pale huweka viganja vyote viwili kwenye bati, na bati linatetemeka. Ya wakili inatetemesha kwa kukita, ya singasinga inawashawasha vidole, ya mwenye duka la dawa inakatika katikati kwa sababu plagi zake ni mbovu na mwenyewe ni bahili. Alikuwa akiwasoma kwa ngozi. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Nikanyamaza, kwa sababu aliniomba.

Wakili hakuwa mjinga. Kazi yake ni kuwatazama watu wanapodanganya. Siku moja njiani alimpigia baba honi tangu Tengeru, baba hakugeuka, na walipofika akamtazama alivyoweka viganja kwenye bati. Jumapili iliyofuata, baba alipoitwa ukutani, wakili aliweka kidole kwenye midomo, akawaonyesha wenzake kwa mkono: zimeni, zote. Wakachomoa funguo. Wakaziweka mezani moja moja, kwa adabu ile ya watu wanaojua wanafanya uovu. Singasinga alisita, akamwangalia baba mgongoni, kisha naye akaiweka ya kwake.

Kukawa kimya. Baba amesimama pale, kofia yake ngumu kwapani, viganja vimefunguka kwenye bati, kichwa kimeinama kidogo.

Nikapiga kelele. "Baba! Wamezima! Hakuna kitu, baba, geuka!"

Watu wote walinisikia, mpaka wachoma nyama. Yeye tu hakunisikia.

Na hapo ndipo lori la kokoto likapita barabara kuu. Bati likatetemeka. Nililiona likitetemeka. Baba akainua kichwa, akatabasamu kwa ukuta, akasema kwa ile sauti yake kubwa isiyo na kipimo, "Wakili huyo! Na leo umeongeza mafuta, nakujua!"

Walicheka. Sijui nielezeje. Mwenye duka la dawa alishika nguzo. Kijana mmoja mgeni alisema, "Noma sana, chalii yangu, mzee anasikia mizimu," wakacheka upya. Baba akageuka akiwa bado anatabasamu, kwa sababu kwake zile zilikuwa nyuso za watu wanaocheka naye. Akatabasamu nao kwa muda. Kisha macho yake yakashuka mezani, akaziona funguo zimepangwa pale zote, na ya ile nyekundu yake, nayo wameichomoa, miongoni mwao.

Sikuwahi kumwona mtu akizeeka nikiwa namtazama, ila siku ile.

Wakili akasogea mbele yake, akahakikisha midomo inaonekana, akasema polepole kama anavyozungumza na mteja asiyejua sheria, "Shikamoo mzee. Kanuni ni kanuni. Wewe mwenyewe ndiye uliyeiweka."

Nikachukua ndoo. Baba akaninyang'anya. Akakunja mikono ya koti, akapiga magoti, akaosha pikipiki zao zote. Aliziosha vizuri, mpaka ndani ya rimu, mpaka chini ya tandiko ambako hakuna anayetazama. Wao walikula. Mmoja alimletea mfupa wenye nyama kwenye sahani, kwa huruma, na nilimchukia huyo kuliko wakili. Ya kwangu, ile feni, aliiosha ya mwisho, akaikausha kwa kitambaa chake cha mfukoni. Wakati wa kurudi wakili alitangulia mbele. "Kwa usalama wako, mzee," alisema, na kibaya zaidi ni kwamba alisema kweli.

Ile nyekundu ikaingia chini ya shuka na haikutoka. Watu wa kundi hawakuja. Nilimtafutia kifaa cha masikio akakiita filimbi, akakitia kwenye droo. Alikaa. Alikuwa mtu mbaya wa kuishi naye: alinifokea kwa sababu ya chumvi, kwa sababu ya mvua, kwa sababu mlima umefunikwa na mawingu.

Kisha asubuhi moja nikakuta feni yangu haipo. Alirudi nayo akiwa amepigwa na upepo, macho yanatoka machozi ya baridi. Alikuwa amepanda nayo juu huko kwenye migomba, njia za ng'ombe alizozijua tangu kazini.

"Ng'ombe hawakukimbia," alinipigia kelele. "Unajua hilo? Miaka yote nafika kwa watu, ng'ombe wameshatawanyika, mwenyewe anaanza kunitukana. Leo nimepita katikati yao!"

Akashika ule usukani, akaubonyeza taratibu.

"Hii ndiyo yangu. Hii haisikiki na mtu yeyote. Humu wote tuko sawa."

Tangu hapo nikawa nasukumana tena stendi. Alifunga vioo vya ziada, akawa anaendesha kichwa kikigeuka kushoto na kulia kama kuku. Aliichaji mwenyewe, alinikataza kuigusa na mikono ya mafuta. Siku moja hata alipika. Na kichwani alikuwa anatengeneza jambo, na nilipolijua lilikuwa limeshaiva.

"Jumapili nawajaribu mimi," alisema. "Nenda uwaambie wageuke, migongo barabarani. Mimi nitapita nyuma yao. Wanitaje. Wakishindwa, wataosha."

Nilimwambia aachane nao. Alinitazama midomo mpaka nilipomaliza, kisha akasema nisipokwenda atakwenda kuwaambia mwenyewe. Nikaenda. Nilitangulia na gari za stendi mpaka Usa River, nikawakuta wamekaa, pikipiki zao zimepangwa, zinang'aa.

"Shikamooni. Baba anakuja," nikasema. "Anataka mgeuke. Atapita nyuma yenu na ya umeme, mmtaje."

Wakatazamana. Hawakuwa hata wabaya siku hiyo, ndicho kilichoniuma. Walikuwa wamesahau. Wakili aliuliza, "Mzee bado anaendesha?" kisha akasema, "Mwambie aje ale nyama, dada, mambo ya ukuta tuliyaacha." Na kabla sijajibu mbuzi akaletwa kwenye sinia, na wote wakainuka, wakaizunguka meza ya kukatia iliyoko upande wa ndani, wakainamia nyama. Walisimama mstari mmoja, migongo barabarani.

Baba akatokea upande wa mjini. Sikumsikia, nilimwona. Aliiona ile migongo. Nilimwona anaiona. Akanyooka kwenye tandiko, akapunguza mwendo, akakata kona akaingia uwanjani, akapita nyuma yao karibu kabisa, karibu kiasi kwamba angeweza kuwagusa makoti. Aliinua mkono wa kushoto, ule wa msafara. Alikuwa na uso wa bwana harusi. Wao walikuwa wanagombania mbavu. Singasinga peke yake aligeuza shingo, akaona mgongo ukiishia barabarani.

"Nani huyo?" akauliza.

"Bodaboda tu," akasema wakili, akaomba pilipili.

Niliporudi nyumbani alikuwa ameshaivua kofia, amesimama getini ananingojea. Akanishika mabega akanigeuza kwenye mwanga ili aone midomo yangu.

"Wamenitaja wangapi?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha kumwambia. Wallahi nilikuwa nayo. Ilikuwa imejaa mdomoni. Nikamtazama yule mzee katili aliyeita pikipiki yangu maiti.

"Hakuna, baba. Walisimama mpaka mwisho, wanasubiri. Wakili alikasirika. Wameosha wote."

"Na singasinga?"

"Naye."

"Mwenye duka la dawa?"

"Alilowa mpaka magotini."

Alicheka mpaka akashika geti. Kisha akajifuta macho, akawa mzito kidogo, kama mkubwa anayefikiria kusamehe.

"Watakuja kuniomba nirudi mbele," alisema. "Wakija usiwafungulie haraka. Waache wapige honi kwanza."

Sasa kila Jumapili anavaa koti, anakaa barazani na kofia yake magotini, feni imechajiwa imeelekezwa geti. Mimi napika. Ikifika mchana anageuka kunitazama midomo, ananiuliza kama kuna aliyepiga honi, nami namwambia bado.