Shimo Alilochimbiwa Suzan

Aristides hajawahi kumuuguza mtu, lakini hajakosa msiba hata mmoja. Hapa kwetu Nemba ndiye mwenye turubai, ndiye anayepanga nani apike na nani achimbe, na ndiye wa kwanza kuketi karibu na sufuria la nyama. Mjane wa mdogo wake, Deodata, alipohangaika na binti yake Suzan aliyevimba taya, Aristides alisema ni jino tu, akaenda zake kunywa pombe ya ndizi. Jino lile lilikuwa kansa.

Deodata ni mwanamke wa kawaida. Analima migomba na maharage, anaimba kwaya kwa sauti mbaya, hapendi maneno. Shamba na mbuzi alimwachia mama mkwe wake, bibi Adventina, akampeleka mtoto hospitali kubwa ya Mwanza. Daktari alimweleza kwamba dawa zinaingia kwa awamu, na kati ya awamu mtoto anaruhusiwa kupumzika nyumbani. Ila akikatisha, uvimbe utarudi na safari hiyo hautasikia dawa. Uvimbe ukaanza kunywea. Nywele nazo zikapukutika, na Suzan akagomea dawa kwa sababu ya aibu. Deodata akaenda kwa kinyozi, akarudi na upara. Mtoto akacheka, akakubali kuendelea.

Sasa Privatus, ndugu wa ukoo, alikuwa Mwanza kununua vipuri vya pikipiki. Akamwona Deodata ng'ambo ya barabara, upara mtupu, peke yake, blanketi la mtoto mkononi. Kwetu watu hunyoa baada ya kuzika. Mwanaume mwenye miguu miwili mizima akashindwa kuvuka barabara aulize. Akampigia simu Aristides kwamba Deodata amenyoa, Suzan hatunaye tena. Aristides naye hakumpigia Deodata. Alisema mfiwa hasumbuliwi. Wala hakujiuliza mama amenyoaje ilhali maiti haijazikwa. Akili hiyo angeipata wapi, na turubai limeshatandazwa?

Wakachinja mbuzi wa Deodata. Wakachimba kaburi nyuma ya nyumba yake, penye migomba. Watu ambao hawakuwahi kumpelekea mtoto hata chungwa walilia mpaka sauti zikawakauka. Bibi Adventina peke yake alikataa kukaa kwenye mkeka. Aliwaambia kwamba yeye maiti hajaiona, akiiona atalia. Wakasema kikongwe amechanganyikiwa, wakaendelea kula.

Kesho yake Deodata na Suzan wakashuka kwenye bodaboda mbele ya turubai, maana awamu ilikwisha na walikuwa wameruhusiwa. Kilio kikakatika. Wanawake wawili walikimbilia shambani. Suzan aliwaamkia wote shikamoo, na hakuna aliyeitikia. Akazunguka nyuma kwenda chooni, akarudi akiuliza shimo lile ni la nani.

Aristides akasafisha koo, akasema hayo ni mambo ya ukoo na yana utaratibu wake. Mtoto si mjinga. Akaketi vumbini pale pale.

"Sirudi Mwanza," akasema. "Kumbe wote mnajua ninakufa, mimi tu sikuambiwa."

Nilikuwa nimesimama ugani kwao, mimi jirani yao wa miaka yote. Niliwachukia watu wale, na sijaacha.

Deodata hakupiga kelele. Alichukua jembe akalitupa miguuni pa Aristides.

"Shemeji, fukia shimo nusu. Kisha mlijaze samadi."

Akaenda mwenyewe kung'oa mche wa mgomba, akampa Suzan aushike. Wanaume wa turubai wakabeba samadi kutoka zizi la mbuzi waliyemla, mafuta ya nyama yakiwa bado midomoni.

"Mgomba huu ni wako," Deodata akamwambia binti yake. "Mwenye mgomba anakwenda Mwanza kumaliza dawa, halafu anarudi kula ndizi zake."

Suzan aliutazama mche kwa muda mrefu. Mwishowe akaupanda, akakanyagia udongo kwa miguu yake. Mapumziko yalipokwisha alipanda basi na mama yake. Alikwenda na kurudi, awamu baada ya awamu, akitapika njia nzima, na kila akirudi alianzia nyuma ya nyumba kujipima kimo na mgomba.

Dawa ziliisha. Madaktari hawauoni uvimbe tena, ingawa bado wanamwita kumpima. Mkungu ulipokomaa, bibi Adventina alipika ndizi na maharage, akaita majirani wachache tushukuru pamoja. Aristides hakualikwa. Alikuja. Alisema shukrani haiwezi kufanyika bila mkubwa wa ukoo, na isitoshe lile shimo alilisimamia yeye.

Suzan, nywele zimemrudi nyeusi tii, akampakulia sahani, akapiga goti kwa adabu zote.

"Karibu ule, baba mkubwa. Hizi ni za kwenye kaburi langu."

Aristides akaitazama sahani, akatutazama na sisi. Kisha akala, akaomba aongezewe.