Nilivyochemka Japani Nikimkwepa Baba Mkwe

Haya, nyinyi wa Gulfton hapa Houston, na nyinyi wa Katy mliokuja na magari makubwa kuliko nyumba zenu, wacheni hiyo nyama ijigeuze yenyewe mnisikize! Nimerudi jana kutoka Japani nikiwa mzima, na si kwa ujanja wangu.

Aliyetupeleka ni mke wangu, Nekesa. Babake, Mzee Wafula, alikuja Houston kututembelea, akaona Japani kwa TV, akasema lazima aikanyage kabla hajafa. Nekesa ni nesi, akapiga overtime mpaka tukasahau sura yake.

Ndege tulipandia Dallas. Iliruka, ikaruka, mpaka ndevu nilizonyoa Houston zikanifika kifuani.

Asubuhi, Tokyo, tukaanza kutalii. Treni imejaa watu na hakuna anayeongea. Nikapiga chafya, behewa zima likageuka, nikadhani nimevunja dirisha. Barabara nazo safi, ungesonga ugali hapo chini ukaula.

Mchana, kwa hekalu, mlinzi mmoja akamwinamia Mzee. Mzee naye akainama. Mlinzi akashuka zaidi, Mzee akamfuata. "Huyu hanishindi heshima!" akasema, mgongo ukamkwama. Tulimnyoosha watu wawili.

Jioni tukafika nyumba ya wageni, miguu imevimba kama mihogo. Mama mwenye nyumba akatuonyesha bafu: wanawake kule, wanaume huku.

"Maji moto, mzuri kwa miguu," akasema kwa Kiingereza chake.

"Na nguo?" nikamuuliza.

"Nguo hapana. Wote pamoja."

Jameni! Sisi Wabukusu, ukiona baba mkwe uchi, hiyo ni laana, hata wajukuu watakuuliza. Ukisafiri na mkwe, uliza habari ya bafu kabla ya kuuliza habari ya hoteli! Na huyu mama ameshatushikisha vitaulo, anatabasamu, utamkatalia vipi? Nikaamua: niingie mbio, nitoke mbio, Mzee akiwa bado anahangaika na kamba za viatu.

Nimetumbukia tu, mlango ukafunguka. Mtu akaingia katikati ya mvuke, akakohoa, akazama upande ule mwingine. Nikageukia ukuta, maji mpaka kidevuni.

"Baba, mimi sikuoni!" nikapiga kelele.

"Mm," akajibu.

"Naangalia ukuta, Baba!"

"Mm."

Nikangoja atoke. Hatoki. Yale maji yangeivisha githeri ya mahindi makavu! Nikasikia harufu ya supu, kumbe ni mimi. Nilipoona roho inafunga mizigo, nikachukua kitaulo. Na kilikuwa kidogo, lazima uchague cha kufunika. Nikafunika macho! Nikatoka nikipapasa ukuta kama kipofu, nikavaa shati nje ndani.

Huko nje nikampata nani? Mzee Wafula, na koti lake, amekaa karibu na Nekesa wanakunywa maziwa baridi.

"Baba! Umenipita saa ngapi?"

Nekesa akacheka mpaka maziwa yakamtoka puani. "Akupite wapi? Baba hajaingia! Huyo umemwacha ndani ni mgeni mwingine."

Watu wangu, lile jiwe lilinitoka kifuani kwa kishindo, nadhani hata nyinyi wa Sugar Land mlilisikia. Sina laana! Nikaketi chini nikicheka, mvuke unanitoka masikioni.

"Lakini Baba, kwa nini hukuingia?"

Mzee akapangusa maziwa kwenye sharubu, akaniangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Nivue nguo mbele ya watu? Mkwe, mimi hata nikioga peke yangu, huzima taa!"