Nyumba ya Muda ya Kipawa

Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo cha ufundi, nachora ramani za nyumba, mkaguzi wa majengo alipopiga X nyekundu kwenye ukuta wa bibi yangu pale Kipawa. Miaka ile kila mtu alikuwa anajenga. Saruji na bati, vitu tulivyozoea kuviombea kibali, sasa vilijaa madukani.

"Shikamoo, bibi," mkaguzi akaamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nyumba yangu ina kosa gani?"

"Kuta za udongo na miti, bibi. Kanuni inaiita nyumba ya muda."

"Muda gani? Mie humu nimezaa watoto saba."

Mkaguzi akanitazama, kama vile anataka nimsaidie kujibu. Kanuni ile niliikariri chuoni, nikafaulu vizuri, na sikuwahi kufikiri kwamba inamsema bibi yangu.

Tukaivunja. Ramani ya nyumba mpya nilichora mwenyewe: matofali ya saruji, paa la bati lisilo na dari, madirisha madogo kuzuia wezi, kila kipimo sawasawa na kitabu. Mkaguzi aliipitisha bila kugusa hata mstari.

Januari ya kwanza tangu bibi ahamie humo, saa tisa alasiri, nilimkuta bibi kalala sakafuni ukumbini, kanga imemganda kwa jasho, hanijibu. Nilidhani kafa. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja, tukambeba nje, tukammwagia maji kichwani.

Alipofumbua macho aliiangalia nyumba kwanza, ndipo akaniangalia mimi.

"Kumbe ya kudumu ndiyo hii," akasema.

Wiki hiyohiyo nikaita mafundi. Tulitoboa matundu juu ya kuta, tukapanua madirisha upande wa upepo, tukaezeka makuti juu ya bati. Kisha nikaenda ofisini kwa mkaguzi kukiri kwamba nimevuruga ramani aliyoipitisha.

Alifunga mlango.

"Kaa kimya," akaninong'oneza. "Kwangu mwenyewe mama mkwe kahamia barazani kwa joto."

"Sasa mbona mnaendelea kupiga X?"

"Kanuni tulizikuta, kijana."

Bibi aliishi kwenye nyumba ile miaka sita zaidi. Wageni walipoisifu aliwaitikia vizuri tu, lakini mchana hakukanyaga tena chumbani kwake.