Moto wa Mwoka Mikate

Miongoni mwetu sisi tunaojitolea kulifufua garimoshi kuukuu la mvuke, aliyekabidhiwa moto ni mwoka mikate mstaafu. Hutia ukuni mmoja, hufunga mlango wa tanuri, kisha huweka kiganja ubavuni mwa boila, lile pipa la chuma la kuchemshia maji, kama apapasaye donge la unga kuona kama limeumuka. Vidole vyake ni vifupi, vyenye makovu ya zamani ya moto, na sauti yake sijaisikia ikipanda hata mara moja.

Siku ya kuliwasha mbele ya wageni, mwenyekiti wetu aliingia karakanani mbio, tai imemwendea begani. “Mama, ongeza kuni! Watu wameanza kutazama saa.”

“Watazame tu, mwanangu. Chuma hiki kimelala baridi miaka mingi. Nikikishtua kitapasuka, na boila jingine hatuna.”

“Na wakiondoka?”

“Mwenye njaa haondoki penye harufu ya mkate.”

Akatia ukuni mmoja. Akafunga mlango, akapapasa tena, mpaka joto lilipomfukuza mkono. Hatimaye mshale wa kipimo cha mvuke ukapanda ukafika mahali pake, na boila halikuvuja hata tone. Kwa kauli moja tukampa yeye kamba ya honi, kwani ilikuwa haki yake. Aliitazama kidogo, akamtupia mwenyekiti.

“Vuta wewe, Bwana Haraka. Mimi mikono yangu ina kazi.”

Honi ilipolia, wageni wakainuka kwa vifijo. Yeye alikwishainama, akichagua ukuni mwingine.